Kutoka Baridi ya Gihembe hadi Joto la Mahama

Shangazi yangu alikuwa na chandarua kizuri pale Gihembe, lakini hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake. Alikitumia kufunika mahindi yakianikwa, kuku wasidonoe. Ukimuuliza, alikuwa anajibu kwa Kiswahili chetu cha Masisi: "Mbu itafanya nini huku, mwanangu? Itakufa na baridi."

Tulicheka, lakini alisema kweli. Aliyeishi Gihembe anajua. Kambi ile ilikuwa juu ya mlima karibu na mji wa Byumba, wilaya ya Gicumbi, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ilifunguliwa mwishoni mwa 1997 kwa ajili ya watu walionusurika mashambulizi ya kambi ya Mudende, na wazee wetu walikuwa miongoni mwao. Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani ya nyumba, na ukiongea unaona moshi mdomoni. Watoto waliugua kikohozi, waliugua kuhara. Malaria, ambayo wengi wetu tunaiita palu, ilikuwapo, ila haikuwa ugonjwa wa kila nyumba. Ukimwona mtu ana palu, swali la kwanza lilikuwa: "Alisafiri wapi?"

Kisha mvua ikala mlima. Makorongo yakafunguka katikati ya kambi, kila msimu yakisogea kuelekea milango ya watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini pale hata ukuta usingesaidia, maana ardhi yenyewe ilikuwa inaondoka. Mwaka 2021 kambi ikafungwa na watu wakahamishiwa Mahama, wilaya ya Kirehe, upande wa mashariki, kando ya mto Akagera unaopakana na Tanzania. Sina ugomvi na uamuzi huo. Mtu hawezi kulea watoto ukingoni mwa korongo. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakuja Kigali. Shangazi akapanda basi na wajukuu wake, na chandarua kikiwa ndani ya mfuko pamoja na sufuria.

Msimu wa mvua wa kwanza haujaisha, mjukuu wa miaka miwili akashikwa na homa, usiku degedege likafuata. Mshauri wa afya wa jamii alimpima, akasema ni malaria, akawakimbiza kwenye matibabu. Mtoto akapona, Mungu ashukuriwe. Wiki mbili baadaye akaanguka shangazi mwenyewe, mtu mzima ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini hakuwahi kulala kitandani kwa palu.

Baadaye kukawa na kikao, na mtu mmoja akasimama akasema mbele ya wote: "Ninyi mliotoka Gihembe hamjui kutumia supaneti. Ni uzembe." Shangazi hakujibu kitu. Aliporudi nyumbani alinipigia simu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kweli mimi ndiye nilitaka kuua mtoto?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nilisema maneno ya kumtuliza tu. Tangu hapo nimekuwa nikisoma na kuuliza, na haya niliyoyapata ndiyo ninayomjibu. Nayaandika hapa kwa sababu najua si yeye peke yake aliyeulizwa swali hilo.

Hesabu ya mbu

Tuanze na mdudu mwenyewe. Tarehe 20 Agosti 1897, daktari Mwingereza aitwaye Ronald Ross, akiwa India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Kabla ya hapo watu waliamini ugonjwa unatoka kwenye hewa mbaya ya mabwawa. Hata jina lenyewe, malaria, kwa Kiitaliano ni hewa mbaya.

Kitu ambacho wengi wetu hatukufundishwa ni hiki: mbu akimnyonya mgonjwa leo, hawezi kumwambukiza mtu kesho. Kimelea lazima kwanza kikue tumboni mwa mbu, kiongezeke, kisha kihamie kwenye mate yake. Kazi hiyo inahitaji siku, na idadi ya siku inategemea joto. Kukiwa na baridi, kimelea kinakua polepole sana, na kukiwa na baridi kali hakikui kabisa.

Wataalamu wana hesabu ya zamani ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuifanya. Chukua joto la mahali, toa 16. Kisha chukua 111 ugawe kwa jibu ulilopata. Hizo ndizo siku ambazo kimelea cha malaria kali kinahitaji ndani ya mbu. Kwenye nyuzi 18, unapata siku 55 au 56. Kwenye nyuzi 20, siku 28. Kwenye nyuzi 25, siku 12 tu.

Sasa jiulize: mbu anaishi siku ngapi? Wengi wanaishi wiki mbili au tatu, wachache wanafika mwezi. Maana yake, kwenye nyuzi 18 karibu kila mbu anakufa kabla kimelea hakijakomaa. Kwenye nyuzi 25 mbu ana muda wa kukomaza kimelea, kuambukiza mtu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kwa hiyo shangazi alikuwa na nusu ya sayansi mkononi. Baridi haikuwa lazima iue mbu wote. Ilitosha kumchelewesha kimelea mpaka mbu afe mwenyewe.

Ukishuka mlima, kila mita 100 joto linaongezeka kama nusu nyuzi au zaidi kidogo. Kutoka Gihembe hadi Mahama unashuka mamia ya mita. Ni tofauti ya nyuzi nne au tano kwa safari ya siku moja. Serikali ya Rwanda katika mipango yake ya tabianchi imeandika kwamba joto la nchi limepanda takriban nyuzi 1.4 tangu mwaka 1970. Linganisha hizo mbili. Mabadiliko ambayo dunia inayapeleka kwenye vilima polepole, kwa vizazi, shangazi yangu aliyapata kati ya kifungua kinywa na chakula cha jioni.

Na usidharau hiyo 1.4. Rudi kwenye hesabu yetu. Mahali palipokuwa na nyuzi 18, sasa weka 19.4. Siku 55 zinashuka kuwa 33. Wiki tatu zimekatwa, na hakuna aliyesikia hata kelele.

Vilima vya afya

Nikitoka ninapoishi Nyarugenge napita karibu na nyumba ya Richard Kandt, ambayo leo ni makumbusho. Kandt alikuwa daktari Mjerumani. Mwaka 1898 alipandisha mto Akagera, akafuata Nyabarongo, mpaka kijito cha Rukarara katika misitu ya kusini, akitafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1907 akachagua kilima hiki kuwa makao ya utawala wa Kijerumani, na ndivyo Kigali ilivyoanza kama mji. Kwa maneno mengine, maji yanayopita chini ya Kigali ndiyo yanayoshuka yakawa Akagera na kupita chini ya Mahama. Mto ni uleule. Tofauti ni kimo cha mahali unapolala.

Wazungu wa wakati ule walipenda vilima. Kote Afrika Mashariki walijenga nyumba zao juu, wakiamini huko kuna afya, na mabonde wakayaita ya homa. Lakini si wao waliogundua. Wanyarwanda walikuwa wamejenga juu ya vilima tangu zamani, na bondeni walishuka kulima na kuchunga. Desturi ilikuwa na sababu nyingi, na bila shaka usingizi mzuri ulikuwa mojawapo.

Karne ya ishirini ikabadilisha mpangilio huo. Watu waliongezeka, mashamba yakawa madogo, na mabonde yenye majimaji yakaanza kulimwa viazi, mboga na mpunga. Watu wakachimba udongo wa matofali na kuacha mashimo yenye maji. Mbu akapata mahali pa kutagia karibu na nyumba. Kilichokuwa bado kinamzuia kimelea ni baridi ya usiku.

Gikonko, 1987

Hapa ndipo nilipopata kisa ambacho kila mtu anayefanya kazi kambini angepaswa kukijua. Gikonko ni sehemu ya kusini, leo iko wilaya ya Gisagara, wilaya hiyohiyo yenye kambi ya Mugombwa. Katika miaka ya 1980 kituo cha afya cha pale kiliandika wagonjwa wake wa malaria mwezi kwa mwezi, kwa utaratibu. Mtafiti Michael Loevinsohn akachukua madaftari hayo akayalinganisha na kumbukumbu za mvua na joto.

Mwishoni mwa 1987 malaria pale Gikonko iliongezeka kwa asilimia 337 ukilinganisha na miaka mitatu iliyotangulia. Haikuwa ajali ya mwezi mmoja. Ulikuwa wakati wa El Niño, usiku ulikuwa wa joto kuliko kawaida na mvua zilikuwa nyingi. Loevinsohn alipopiga hesabu, mvua na joto peke yake vilieleza karibu asilimia 80 ya kupanda na kushuka kwa ugonjwa. Na waliopigwa zaidi walikuwa makundi mawili: watoto wadogo chini ya miaka miwili, na watu wa sehemu za juu.

Ona sasa. Ni walewale: mtoto wa miaka miwili, na mtu wa mlimani. Wote wawili wana upungufu mmoja, nao ni kwamba mwili haujawahi kujifunza ugonjwa huu. Anayeishi bondeni na kuumwa na mbu tangu utoto, mwili wake unajenga kinga kiasi fulani. Haimzuii kuugua, lakini inamkinga na ile malaria ya kuua. Mtu wa mlimani hana hiyo hata akiwa na miaka sitini. Ndiyo maana shangazi alianguka kama mtoto.

Na pale Gikonko hapakuwa na suala la wageni kuleta ugonjwa, wala la watu kuhamishwa. Waliugua wakiwa kwenye vilima vyao, katika nyumba zao. Joto ndilo lililowapandia.

Utafiti huo ulichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Machi 1994. Wiki chache baadaye yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nani angekuwa na nafasi ya kusoma habari za mbu? Hata vituo vya kupima hali ya hewa vingi vilisimama mwaka ule, na pengo katika kumbukumbu za nchi likaendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo miaka ileile ambayo sisi tulipangiwa vilima vya kuishi, katika sehemu nyingi hapakuwa na kipimajoto kilichokuwa kinafanya kazi.

Wataalamu walibishana

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalikubaliwa haraka. Mwaka 2002 timu ya Simon Hay iliandika katika jarida la Nature kwamba haikuona joto kubadilika kwa kiasi cha kueleza malaria ya milimani. Walikuwa wameangalia sehemu nne: Kericho nchini Kenya, Kabale nchini Uganda, Muhanga nchini Burundi, na Gikonko yetu. Walisema tutafute sababu nyingine. Na sababu nyingine zilikuwapo kweli. Klorokwini, kidonge kile kichungu ambacho wazazi wetu wanakikumbuka, kilikuwa kimeacha kufanya kazi sehemu nyingi. Vita vilikuwa vimevunja huduma. Watu walikuwa wanahama.

Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake wakarudi kwenye sehemu zilezile nne, wakaongeza miaka ya karibuni, wakakuta kwamba joto lilikuwa limepanda. Tena wakaonyesha jambo la maana: joto likiongezeka kidogo, mbu hawaongezeki kidogo, wanaongezeka sana. Mwaka 2014 utafiti mwingine, kutoka milima ya Ethiopia na ya Kolombia, ukaonyesha kwamba miaka yenye joto malaria hupanda juu zaidi mlimani, na miaka ya baridi hushuka.

Kwa hiyo mabishano hayakuwa bure. Yalitufundisha kwamba joto linafungua mlango, lakini anayeingia na anayeumizwa inategemea mambo mengine: dawa inafanya kazi au la, chandarua kina dawa au hakina, mtu anakaa wapi na nani alimpangia akae pale.

Ndugu zetu Warundi wana ushahidi wao. Mwishoni mwa 2000 hadi 2001 malaria ililipuka katika mikoa ya milimani kama Kayanza, Ngozi, Karuzi na Gitega. Nchi yenye watu karibu milioni saba iliandikisha wagonjwa karibu milioni tatu. Joto na mvua vilikuwamo, lakini pia vita, njaa, watu waliokimbia makwao, mashamba ya mpunga bondeni, na dawa zilizochoka. Baada ya hapo, mwaka 2003, Burundi ilibadilisha dawa ikaanza kutumia dawa mseto.

Rwanda nayo ilipata somo lake. Mwaka 2012 wagonjwa waliohesabiwa nchini walikuwa karibu nusu milioni. Kufikia 2016 walikuwa zaidi ya milioni nne. Ziliorodheshwa sababu nyingi: joto na mvua, mpunga kupanuka, mbu waliozoea dawa za kuulia wadudu, na vyandarua vilivyogawiwa vikagundulika kwamba dawa yake haitoshi. Kisha nchi ikapulizia dawa ukutani katika wilaya zilizoathirika zaidi, Kirehe ikiwemo, na washauri wa afya wa jamii wakaruhusiwa kupima na kutibu watu wazima pia, si watoto tu. Wagonjwa wakapungua mpaka chini ya milioni moja mwaka 2023. Napenda msomaji aishike hiyo: joto halikushuka katika miaka hiyo, lakini wagonjwa walishuka. Inawezekana.

Lakini pia haishikiki kwa usingizi. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba hapahapa Rwanda wamepata vimelea vilivyoanza kuizoea artemisinini, dawa ambayo ndiyo moyo wa dawa mseto. Kwa hiyo mlango unafunguka huku na kufuli linalegea kule.

Eti wakimbizi huleta magonjwa

Neno hili tumelisikia sokoni, kwenye basi, hata ofisini. Sitalikwepa. Watu wakilisema wanakumbuka Goma.

Julai 1994 watu kati ya laki tano na laki nane walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Waliohesabu wakati ule waliandika kwamba wiki ya kwanza maji safi yaliyopatikana yalikuwa wastani wa lita 0.2 kwa mtu kwa siku. Hiyo ni glasi moja. Chini kulikuwa na mawe ya volkano, choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki. Watu walikunywa maji ya ziwa Kivu kwa sababu ndiyo yaliyokuwapo.

Hapo ni kipi kilileta vifo, damu ya mkimbizi au glasi moja ya maji juu ya mwamba? Baada ya maafa yale mashirika yenyewe yalikaa, na kuanzia 1997 yakaandika viwango vya Sphere ambavyo wafanyakazi wa misaada mnavifahamu: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Kiwango kile kilitokana na watu waliokufa, na hakuna mahali kinaposema watu wa Goma walikuwa wazembe.

Nimeleta Goma kwa sababu kosa ni lilelile. Ugonjwa ukitokea kambini, jicho linakwenda kwanza kwenye tabia za watu: hawanawi mikono, hawatumii supaneti. Mara chache jicho linakwenda kwenye ramani na kuuliza: hapa ni mita ngapi? Joto la usiku ni ngapi? Waliohamia wametoka mita ngapi?

Jibu langu kwa shangazi

Shangazi, hapana. Hukutaka kuua mtoto.

Ulikuwa na ujuzi ambao ulikuwa kweli kwa mahali pale na kwa wakati ule. Ulijifunza kwa miaka zaidi ya ishirini kwamba mbu wa Gihembe ni kelele tu ya sikio. Ukawafundisha wanao, na hawakuumia. Kisha kwa siku moja ulihamishwa ukatolewa kwenye nyuzi zako, na ujuzi wako ukabaki kule kwenye ukungu. Katika familia yetu hakuna aliyejua kwamba kushuka mlima ni kuingia katika ugonjwa mwingine, hata mimi niliyesoma. Ningejua ningekupigia simu kabla hujapanda basi, nikakuambia: kile cha kufunikia mahindi, usiku wa leo kiwe juu ya mtoto.

Sisemi pia kwamba hatuna wajibu. Chandarua kinachofunika mahindi hakimkingi mtu. Ukiona homa kwa mtoto, usingoje asubuhi kwa kuwa eti ni baridi imempata. Hiyo ni akili ya Gihembe, na Mahama inataka akili nyingine. Maji yaliyotuama nyuma ya nyumba tuyamwage, mashimo ya matofali tuyafukie. Hayo ni yetu.

Lakini wenzetu mnaovaa jaketi za mashirika, na sisi wakazi tunaokaa kwenye kamati, tuna mambo ya kuyafikiria pamoja. Watu wanapohamishwa kutoka juu kwenda chini, hesabu ya kinga ifanyike kama vile inavyofanyika hesabu ya mahema na shitingi. Wahesabiwe wote kuwa hawana kinga, wazee kwa vijana, mpaka misimu kadhaa ipite. Mazungumzo kuhusu mbu yafanyike kule mlimani, kabla ya basi, kwa lugha ya watu wenyewe, na yaanze kwa kukubali kwamba wanachokijua ni kweli kwa pale walipo. Ukianza kwa kumwambia mama kwamba ni mzembe, atanyamaza, na atakayekuja kuongea ni homa.

Na yako mambo ya wale waliobaki juu. Kiziba, iliyofunguliwa 1996 huko Karongi, bado iko mlimani. Kigeme, iliyofunguliwa 2012 huko Nyamagabe, bado iko mlimani. Wenyeji wa Byumba wako palepale tulipowaacha, na watoto wao bado wanalala bila chandarua kwa sababu ile ile ya shangazi. Wao hawatapanda basi kwenda kwenye joto. Joto ndilo linapanda kwenda kwao, polepole, kama lilivyopanda Gikonko mwaka 1987. Wa Gihembe tulitangulia tu. Kama kuna mtu anayetafuta washauri wa kuwaambia watu wa milimani nini kinakuja, aende Mahama akaulize wamama waliotoka Gihembe. Wanajua tarehe, wanajua dalili, wanajua walichokosea na walichokosa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, jioni mbu walianza kuimba mapema. Shangazi aliacha kupika, akaingia ndani, akashusha chandarua, akakunja ncha zake chini ya godoro pande zote nne, halafu akapitisha kiganja polepole akitafuta tundu. Akapata moja. Akachukua sindano na uzi mweusi akakaa mlangoni, penye mwanga, akaanza kushona.

Nikamwambia nimeandika kitu kuhusu swali lake. Akaniuliza ni kirefu kiasi gani. Nikasema kiasi. Akasema, "Soma wakati mimi ninashona. Na mahindi siku hizi nafunika na kanga."